Si Makelele, Ni Matanga

Mwandishi aliyetuhubiria sisi watu wa Bukavu, katika makala yake iliyochapwa hivi karibuni, kwamba albamu ya Back in Black ya bendi ya AC/DC ni makelele matupu yasiyo na huzuni wala adabu, tena haina nasaba yoyote na nchi zetu, amehukumu kabla ya kusikiliza. Albamu hiyo ilitoka Julai 1980, miezi mitano tu baada ya kufariki mwimbaji wao Bon Scott, na jalada lake jeusi ni vazi la matanga. Hells Bells, mmojawapo wa nyimbo 4 zilizotolewa pia katika santuri ndogo, waanza kwa kengele nzito ya kusubu, kazi ya mafundi wa Loughborough, Uingereza, ikilia polepole, pigo baada ya pigo, kabla gitaa halijathubutu kuingia. Na yeyote aliyepata kusimama nje ya kanisa wakati jeneza linapotolewa hahitaji mkalimani. Ama nasaba, msimamizi wa kurekodiwa kwa albamu hiyo, Robert John Lange, alizaliwa 1948 huko Mufulira, mji wa shaba ulio karibu na mpaka wa Katanga yetu. Na gitaa la umeme, ambalo vijana wa mtaa wetu wa Kadutu hulipigia rumba kila wiki, limekuwa geni kwetu tangu lini?