Ramani kubwa si faida: mnunuzi hulipia kile anachoweza kukikosa

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mazao, viwango vya fedha za kigeni na mwenendo wa hisa. Wiki hii tunaomba nafasi ya kuzungumzia bidhaa ambayo wengi wetu huiona ni ya watoto, ilhali inabeba mitaji ya mabilioni ya dola na hisa za watengenezaji wake huuzwa katika masoko ya Tokyo na Paris. Bidhaa hiyo ni michezo ya video, hasa ile ambayo mchezaji hupewa nchi nzima ya kubuni, na kazi yake kubwa ni kutembea na kugundua kilichomo.

Mara kwa mara makampuni hutangaza kwamba mchezo ujao utakuwa na ramani kubwa kuliko uliopita, na wanaonunua hisa huchukulia kwamba ukubwa huo ni sawa na mauzo. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Kwa maoni ya safu hii, thamani ya kugundua inatokana na uwezekano wa kukosa. Kitu ambacho mtembezi hawezi kukikosa hakimpi furaha ya kukipata, hata kiwe cha dhahabu.

Mbegu 900 na zawadi ya mzaha

Tuanze na kampuni ya Nintendo ya Japani. Mwaka 1986 ilitoa mchezo wa The Legend of Zelda, ambao mbuni wake, Shigeru Miyamoto, ameeleza kwamba ulitokana na utoto wake wa kuzurura milimani na mapangoni karibu na Kyoto. Machi 2017 kampuni hiyo ilitoa mwingine wa ukoo huo huo, Breath of the Wild, ambao umeuza zaidi ya nakala milioni 30 kwenye mashine ya Switch peke yake.

Mwaka huo huo watengenezaji wake walieleza, katika mkutano wa wataalamu wa fani hiyo nchini Japani, kwamba vilima na majabali ya nchi yao yalichongwa kwa umbo la pembetatu. Pembetatu humlazimisha mtembezi aamue kama atapanda au atazunguka. Aidha, huficha kilicho nyuma yake, kikaonekana kidogo kidogo kadiri mtu anavyosogea. Minara iliyomo humfungulia mchezaji ramani ya ardhi, lakini haimwambii wapi pana nini. Inambidi asimame juu, atazame kwa macho yake, kisha aweke alama mwenyewe.

Mfanyabiashara atapendezwa na hesabu moja. Katika nchi hiyo zimefichwa mbegu 900. Ili kupanua nafasi zote za kubebea silaha, pinde na ngao, mchezaji anahitaji 441 tu. Zaidi ya nusu ni ziada. Na yule anayehangaika hadi akazikusanya zote 900 hupewa kipambo cha dhahabu chenye umbo la kinyesi, kisichomwongezea nguvu wala kuuzika.

Huo ni mzaha wa makusudi, na ndani yake mna somo. Mbegu hazikuwekwa ili zimalizwe. Ziliwekwa ili kila njia atakayoichagua mtu impe kitu, na kila njia aliyoiacha ibaki na kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa mvungu ni mingi kuliko migongo ya kuinama.

Mtaji uliofukiwa chini ya ardhi

Mfano wa pili ni Elden Ring, mchezo wa kampuni ya FromSoftware uliotoka Februari 2022. Msituni, karibu na mwanzo wa safari, kuna jengo lenye lifti. Anayeipanda hushuka kwa muda mrefu kuliko alivyotazamia, kisha hutokea kwenye nchi nyingine iliyo chini ya ardhi, yenye mto na dari linalometameta kama anga la usiku. Hakuna alama iliyomwita huko, na anaweza kuumaliza mchezo mzima bila kukanyaga mahali hapo.

Mhasibu wa kawaida angeuliza kwa nini kampuni ilipe mishahara ya wachoraji kwa ajili ya nchi ambayo sehemu ya wanunuzi hawataiona. Kwa hesabu za duka, huo ni upotevu. Lakini mauzo yalisema vingine, kwa kuwa katika mwaka wake wa kwanza Elden Ring uliuza zaidi ya nakala milioni 20. Hatusemi lifti hiyo ndiyo iliyouza nakala zote. Tunasema kwamba aliyeikuta huamini kuwa kila mlango uliobaki unaweza kuficha jambo kama hilo. Imani hiyo ndiyo inayomfanya aendelee kutembea, na ndiyo anayomsimulia jirani yake.

Njia mbili za kuharibu bidhaa

Uwezekano wa kukosa huharibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni wingi usio na tofauti. Agosti 2016 kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, ilitoa No Man's Sky kwa bei ya dola 60, bei ya michezo mikubwa, ikiahidi sayari zaidi ya trilioni milioni 18 zilizotengenezwa na kompyuta kwa kanuni za hesabu. Siku za mwanzo wachezaji zaidi ya 200,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja katika duka la Steam, lakini baada ya wiki chache wengi walikuwa wameondoka. Hakuna aliyeweza kuzimaliza sayari, lakini pia hakuna aliyeona amekosa kitu kwa kuiruka moja, maana iliyofuata ilifanana nayo. Kwa haki, kampuni hiyo haikukimbia. Iliongeza mambo mapya bila malipo mwaka baada ya mwaka, ikiwa ni pamoja na marekebisho makubwa ya Julai 2018, na wateja wakarudi.

Njia ya pili ni kuweka alama juu ya kila kitu. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, tangu Assassin's Creed ya mwaka 2007, iliwazoesha wachezaji kupanda mnara na kuona ramani ikijaa alama. Hapo kugundua hugeuka kuwa kuhesabu shehena bandarini: mtu hupita na orodha mkononi, akiweka tiki. Kampuni yenyewe iliona tatizo hilo. Mwaka 2018, katika Assassin's Creed Odyssey, iliweka hali ya kuchagua ambamo mchezaji hupewa maelezo ya njia badala ya alama.

Tusidanganyane

Watakaotupinga wana hoja. Kufikia 2022 mfululizo wa Assassin's Creed ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 200. Mtu mwenye kazi na familia, anayepata saa moja usiku, hufurahi kuonyeshwa njia. Orodha nayo ni bidhaa, na ina soko lake. Lakini orodha huigwa kwa urahisi, na bidhaa inayoigwa kwa urahisi hushindana kwa bei na kwa wingi wa matangazo. Kilima kinachoficha kitu cha kustaajabisha ni kigumu kuigwa.

Tatizo la upande huu ni jingine: huliwa mara moja. Aliyekwisha kuona kilicho nyuma ya kilima hawezi kukigundua tena. Nintendo ilichukua miaka sita hadi kutoa Tears of the Kingdom, Mei 2023. Ilirudia nchi ile ile, ikaongeza visiwa vya angani na nchi ya giza chini ya ardhi, na ikauza nakala milioni 10 kwa siku tatu. Mwekezaji wa mitaji midogo asiyeweza kungoja miaka sita asiingie hapo kwa fedha ya ada ya shule.

Kwa wenzetu wenye vibanda vya michezo mitaani, mpira wa miguu utabaki kuwa biashara, kwa sababu mechi huisha kwa dakika chache na mteja mwingine hukaa. Mchezo wa kugundua unadai saa nyingi za mtu mmoja. Unafaa kuuzwa kwa mtu wa nyumbani, si kukodishwa kwa mechi.

Ushauri wetu kwa anayefikiria kununua hisa za makampuni haya ni mfupi. Ukisoma tangazo la ramani mpya, usiulize ina kilometa ngapi. Uliza mtu anaweza kukosa nini ndani yake, na je, akikikosa, atajali? Kama jibu halipo kwenye tangazo, subiri wanunuzi wa kwanza wasimulie, halafu ndipo ufungue mkoba.