AFYA YA MTOTO: Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake

Mtoto azaliwaye kabla ya juma la 37 la mimba huhesabiwa kuwa hakutimiza siku zake. Wazazi huuliza uzito wake na pumzi zake. Ni nadra kuuliza habari za homoni iitwayo kortisoli, ingawa uhai wake waitegemea hiyo pia.

Kortisoli hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Mtu apatwapo na maradhi, maumivu au hofu, huongezeka katika damu, ikasaidia kudumisha msukumo wa damu na kuupatia mwili sukari. Kwa mtoto aliye tumboni ina kazi nyingine kubwa: katika majuma ya mwisho huzidi, ikayapevusha mapafu. Anayezaliwa mapema huikosa akiba hiyo.

Mwaka 1972, madaktari Graham Liggins na Ross Howie wa Auckland, New Zealand, walitangaza kwamba mama aliye karibu kuzaa mapema akidungwa dawa ya jamii ya homoni hiyo, mtoto huzaliwa na mapafu yaliyo tayari zaidi. Dawa hiyo yahitaji saa kadhaa kufanya kazi. Basi mama aonaye uchungu au maji kabla ya wakati asimngoje mumewe atoke lindoni. Aende hospitali mara moja.

Je, kiasi cha kawaida cha kortisoli kwa mtoto huyo ni kipi? Hakuna tarakimu moja. Hutofautiana sana baina ya mtoto na mtoto, na baina ya saa na saa. Mtu mzima huwa nayo nyingi asubuhi na kidogo usiku; kichanga bado hana utaratibu huo. Tena kiasi kidogo si lazima kiwe dalili ya utulivu: huenda tezi zake changa zimeshindwa na ugonjwa. Kwa hiyo daktari hutazama pia msukumo wa damu, sukari na hali yote ya mtoto.

Baridi, kelele na sindano humtaabisha mtoto. Dawa iliyo mikononi mwa wazazi ni kifua chao. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwapa akina mama vichanga wao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vyombo vya joto havikutosha. Uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa vifo hupungua kwa robo mtoto akibebwa hivyo mara tu azaliwapo, badala ya kungoja apate nafuu kwanza. Shirika la Afya Duniani lashauri abebwe saa 8 hadi 24 kila siku.

Kifua cha baba nacho chafaa. Askari apewapo likizo, na anawe, avue shati la sare, ampokee mwanawe kutoka kwa mama aliyechoka. Hilo nalo ni lindo.