Abishaye Hodi Naye Asikilize

Katika mafunzo ya kompyuta chuoni kwetu, muhula mmoja tuliwapa walimu-wanafunzi zoezi la kuandika programu ya kujitambulisha kwa seva kwa utaratibu uitwao SCRAM, uliotangazwa mwaka 2010. Walitumia lugha ya Python na maktaba zake za hashlib na hmac, ambazo humpunguzia mwandishi mzigo wa hesabu. Programu zote zilikubaliwa na seva, nasi tukatoa alama zote. Tulikosea, na kosa hilo lina funzo kwa kila mwalimu wa shule ya msingi.

Hebu tuutazame utaratibu wenyewe. Neno la siri halipelekwi kamwe mtandaoni. Kwanza, mteja hupeleka jina la mtumiaji pamoja na namba ya kubahatisha, iliyotungwa kwa mara hiyo tu. Pili, seva huirudisha namba hiyo ikiwa imeiongezea ya kwake, pamoja na "chumvi", yaani data ya kuchanganywa na neno la siri, na idadi ya mizunguko ya hesabu. Tatu, mteja hupiga hesabu hiyo, mizunguko 4096 au zaidi, kisha hupeleka uthibitisho wake. Nne, seva hurudisha sahihi, ambayo asiye na kumbukumbu halisi za mtumiaji huyo hawezi kuitunga.

Sasa, kabla ya hatua ya tatu, mteja hana budi kuhakikisha kwamba namba iliyorudishwa inaanza na namba yake mwenyewe. Na baada ya hatua ya nne, hana budi kuikokotoa sahihi ile yeye mwenyewe na kuilinganisha na iliyoletwa. Wengi waliziacha kazi hizi mbili. Kwa kuwa seva ya kweli haina njia ya kujua kwamba zimeachwa, programu zilifanya kazi vizuri. Lakini tulipoweka seva ya bandia, isiyolijua neno la siri, programu hizo ziliiamini bila swali.

Wapo wenzetu wasemao kwamba yafaa kuiachia maktaba kazi yote. Hoja hiyo ina uzito, kwani kutunga upya kazi ya mabingwa ni hatari. Hata hivyo, atumiaye maktaba bila kujua inapaswa kuhakiki nini hataweza kutambua siku isipohakiki.

Kwa maoni yetu, kosa lilikuwa letu sisi tuliosahihisha. Tulipima tokeo tukaacha kupima njia. Ndivyo afanyavyo mwalimu wa hesabu anayetia vema penye jibu bila kutazama kazi iliyofanywa. Mtoto aliyenakili kwa jirani hupata sawa na aliyefikiri.

Basi, ninyi mtakaokwenda kufundisha, anzeni bila mashine. Wawekeni watoto wawili pande mbili za mlango, wapeane jambo la siri mapema, kisha kila mmoja amwulize mwenzake swali linalohitaji siri hiyo, bila kuitaja. Halafu mleteni wa tatu asiyeijua, ajibu kutoka ndani. Watoto wataona wenyewe kwamba abishaye hodi naye ana haki, tena wajibu, wa kuisikiliza vema sauti inayomwambia karibu.