Paa ya Paa: Wanakiswahili Tuko Wapi?

Tumezoea kuamini kwamba sanaa inayostahili kujadiliwa kwa Kiswahili ni ile ya maneno pekee. Riwaya, tamthilia na ushairi tunavichambua kwa fani na maudhui. Michoro na vinyago tunawaachia wengine, nao aghalabu huvijadili kwa Kiingereza. Ni maoni yangu kwamba mgawanyo huu unatudhuru. Mfano mwafaka ni jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi.

Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau pamoja na wasanii na waandishi wenzake, akiwemo Rebeka Njau, mwandishi wa riwaya na tamthilia. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere, alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa michoro yake mitano katika kuta za kanisa kuu la Murang'a, ambamo maisha ya Yesu yanasawiriwa katika mandhari ya Kiafrika. Baada ya hapo alitaka pawepo mahali ambapo msanii Mwafrika angeonyesha kazi yake bila kungoja idhini ya mgeni. Baadaye kituo kilihamia Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Huelezwa kuwa maana yake ni kwamba paa, yule mnyama wa jamii ya swala, anapaa. Mwanasarufi atahoji upatanisho wa kisarufi: mbona isiwe 'paa apaa'? Mwanafasihi naye atajibu kuwa huo ni uhuru wa msanii, na kwamba neno lilo hilo linabeba pia paa la nyumba, yaani kivuli cha kuwasitiri wasanii. Mjadala wa namna hii hauwezekani katika lugha nyingine yoyote. Waasisi walitukabidhi fumbo la Kiswahili mlangoni, nasi hatukubisha hodi.

Mwaka 1997 moto uliteketeza jumba hilo, pamoja na kazi za sanaa na maktaba. Waasisi hawakukata tamaa, shughuli ziliendelea. Hata hivyo, msiba huo unatufunza udhaifu wa makumbusho ya binafsi: kumbukumbu zote huwa chini ya paa moja, na mlinzi wake ni msanii mwenyewe na jamaa zake. Kinachosalia baada ya moto ni kile tu kilichokwisha kuandikwa kwingineko. Je, kwa Kiswahili tulikuwa tumeandika nini?

Wapo watakaosema kuwa mali ya mtu binafsi haituhusu, au kwamba hatuna istilahi za kuhakiki michoro. Hoja ya kwanza haina mashiko: diwani ya mshairi ni mali yake pia, nasi twaihakiki. Isitoshe, Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali kukuza utamaduni kupitia fasihi na sanaa kwa pamoja. Hoja ya pili inatushtaki sisi wenyewe, kwani istilahi huzaliwa na matumizi. Taswira, ishara, mandhari, nakshi na mtazamo ni maneno tuliyo nayo tayari. Yaliyopungua tutayaunda tukiwa kazini.

Napendekeza basi mambo mawili. Kwanza, idara zetu zikubali tasnifu za Kiswahili kuhusu sanaa za kuonwa. Pili, chama chetu kiwahoji wasanii wakongwe na kuyahifadhi masimulizi yao kwa maandishi, nakala zikiwekwa katika maktaba zaidi ya moja.

Neno paa lina maana nyingine ambayo wengi wetu tumeisahau: kupaa moto ni kuchukua makaa jikoni kwa jirani ili kuwasha moto kwako. Jirani yetu alikoka moto mwaka 1965. Wanakiswahili, twendeni tukapae kabla makaa hayajazimika.