Kodi ya kuhama kapu: kijana wa Msamvu anachunwa kimyakimya

Ndugu msomaji, kabla hujapanda basi hapo Msamvu, itazame stendi. Ilijengwa kwa ubia wa Manispaa ya Morogoro na LAPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali za mitaa. Yaani fedha za uzeeni za karani wa halmashauri ziligeuka zege na vibanda. Mwaka 2018 LAPF yenyewe ikafutwa, ikamezwa na PSSSF pamoja na PPF, PSPF na GEPF. Wanachama wa PPF wa sekta binafsi wakasukumwa NSSF. Wewe uliulizwa?

Serikali ikitaka kuhamisha akiba yako, kifungu kimoja cha sheria kinatosha. Ukitaka kuihamisha wewe mwenyewe, hapo ndipo unapoijua nchi hii!

Tuseme umepata kazi kiwandani kule Kihonda, mshahara 400,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni 20%, na mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi nusu yake, yaani 40,000. Hiyo hutolewa kwanza, ndipo kodi inapigwa kwenye 360,000. Kwa kiwango cha 8% kilichowekwa 2021 kwa kinachozidi 270,000, unakatwa 7,200. Bila nafuu hiyo ungekatwa 10,400. Umeokoa 3,200, bei ya sahani ya wali. Kidogo, lakini ni haki ya mtu anayejiwekea akiba.

Siku moja jina lako linasomwa getini: kazi imekwisha. Zamani ungedai fao la kujitoa. Mwaka 2012 Bunge lililojaa wabunge wa CCM likalifuta, wachimba migodi wakachachamaa, wakubwa wakababaika. Mwaka 2018 likaja fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Ukiacha kazi mwenyewe kwa kuchoka kunyanyaswa, huna chako. Na kijana wa msimu wa tumbaku, ambao haufiki hata mwaka, aunge misimu mingapi?

Miezi 6 ikipita, je? Sheria inasema ukikaa miezi 18 mingine bila ajira, unaweza kuhamishia michango yako kwenye mpango wa hiari. Miezi kumi na minane! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la kijana wa Msamvu halina likizo.

Haya, umevumilia, umehama, umefungua meza ya mitumba. Unachangia 40,000 ileile kwa hiari. Nafuu ya kodi iko wapi? Mfanyabiashara mdogo wa makadirio hutozwa kwa mauzo, na kwenye mauzo hakuna anayekutolea akiba yako kwanza. Jasho ni lilelile, uzee ni uleule, ila nafuu imebaki getini kiwandani. Hiyo ndiyo kodi ya kuhama kapu. Haijaandikwa kwenye risiti yoyote, lakini unailipa.

Marekani, nchi ya mabepari, ilitunga sheria ya akaunti ya uzeeni iitwayo Roth mwaka 1997, mwaka uleule ambao sisi tuliigeuza NPF kuwa NSSF. Mwamerika akihamisha akiba yake ya kawaida kwenda Roth, anaambiwa wazi: kiasi ulichohamisha kitahesabiwa kuwa mapato ya mwaka huu, kilipie kodi, kisha uzeeni utachukua bila kukatwa tena. Anajua bei, na anaamua mwenyewe lini. Hapa hatuambiwi bei wala hatuamui.

Watasema vijana mkipewa fedha mtazinywea pombe, akiba ni ya uzee. Danganya toto! Hakuna anayeomba kuila. Tunadai mawili tu: mtu ahamishe akiba yake mwezi uleule kazi inapokoma, na mchango wa hiari wa machinga utolewe kwanza kabla ya kodi, kama wa mwenye mshahara.

Mshikaji, usidhani hawasikii. Desemba 2018 wafanyakazi walipopiga kelele juu ya kikokotoo kipya, Rais Magufuli alikisimamisha. Wale walikuwa na vyama vya wafanyakazi. Wewe una kura na mdomo. Mbunge akija kuomba kura stendi, usimuulize fulana. Muulize: miezi 18 ya nini?