Jicho la Kompyuta Lifike Vibanjani

Mnyauko wa bakteria uliporipotiwa Kagera mwaka 2006, migomba mingi ya Muleba na Bukoba iliangamia. Mara nyingi mkulima aliutambua ugonjwa huo panga lake likiwa limekwisha kuuhamishia kwenye mgomba wa pili.

Leo kompyuta yaweza kufundishwa kutambua maradhi kwa kutazama picha za majani na mashina. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, walitoa picha zaidi ya 16,000 za migomba ya Tanzania kwa madhumuni hayo. Tunawapongeza. Lakini maradhi yaliyomo ni sigatoka nyeusi na mnyauko fuzari. Mnyauko wa bakteria, adui wetu mkubwa, haumo. Na kompyuta haitambui isichopata kuonyeshwa.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa mkoa na wilaya wawadhamini vijana wetu, wakiwemo wa visiwa vya Bumbile na Goziba, waisome taaluma hiyo hadi shahada ya uzamili, na utafiti wao waufanyie vibanjani, wakishirikiana na kituo cha Maruku. Anayeujua ugonjwa ni mkulima. Atakayeifundisha mashine na awe mwanawe.