Geti la Rimoti Kyela: Pesa ya Taa Ipo, Pesa ya Jicho Hakuna

Ndugu zangu, leo nimekuja na hasira. Nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Pasaka iliyopita nilikuwa nyumbani Kyela. Wanaoijua njia watanielewa: unateremka kutoka Tukuyu, baridi inabaki nyuma, joto la ziwa linakupokea, halafu ni migomba, kakao na mpunga hadi macho yachoke. Siku hizi kuna na kitu kingine: mageti. Kyela mjini, Ipinda, hadi njia ya Matema, unakutana na mageti meusi ya chuma yenye maua ya rangi ya dhahabu, yametengenezwa kwa oda na yanafunguka kwa rimoti. Mengi ni ya sisi watoto wa nyumbani tuliopo Dar na Mbeya.

Na sisi tukalitaka. Tukachanga kwenye group la familia. Fundi wa kuchomelea pale mjini akaleta hesabu yake: skwea paipu, shiti, magurudumu, reli, mota na betri yake, rangi ya kuzuia kutu, na jozi ya vihisi, yale macho yanayowekwa kwenye nguzo ili geti lisimame likiona kitu njiani. Wasomi tukaanza kukata. Tulikata nini? Macho. Taa mbili za urembo juu ya nguzo tukaziacha. Mimi, mwandishi wa habari mwenye digrii, niliandika neno moja tu: "Sawa."

Sasa sikieni. Jumapili ya Pasaka gari la baba mdogo limeingia, geti linajifunga lenyewe kama lilivyopangwa. Mtoto wa dada yangu, miaka minne, anakimbilia mpira. Ukingo wa geti ulimkuta kifuani ukamsukuma hadi kwenye nguzo, na haukusimama. Kilichomwokoa ni tope. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza mchanga kwenye reli, gurudumu likakwama wakati mgongo wake umeshagusa nguzo. Alitoka na michubuko na kilio. Baba mdogo akafoka: "Fundi huyu ni kanjanja!"

Nikanyamaza. Ndiyo maana leo nasema.

Fundi hakuwa kanjanja. Kanjanja tulikuwa sisi. Yeye aliandika macho kwenye karatasi, sisi tukayafuta. Halafu tuna ujasiri wa kusema mafundi wa Kyela hawajui kazi!

Tatizo letu ni kwamba tunanunua geti kama pazia wakati lile ni mashine. Fanya hesabu ndogo. Shiti ya chuma ya milimita 2 ina kilo 15 na ushee kwa kila mita moja ya mraba. Geti la mita 4 kwa 2 lina kilo zipatazo 125 za shiti peke yake, kabla hujagusa fremu na maua yako ya dhahabu. Mzigo huo ukishatembea, hausimami kwa sababu mtoto amepiga kelele. Unasimama kwa sababu kuna kitu kimeiambia mota isimame.

Wenzetu walijifunza kwa msiba. Mwaka 2010 nchini Uingereza, ndani ya wiki moja, watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka 6 huko Manchester na mwingine wa miaka 5 huko Wales, walikufa baada ya kubanwa na mageti ya umeme. Na hiyo ni nchi yenye viwango. Kiwango cha Ulaya kinataka ukingo unaobana usipige kwa nguvu inayozidi nyutoni 400, yaani kama uzito wa kilo 40 hivi, na nguvu hiyo ishuke upesi sana. Je, geti lako la Kyela linabana kwa nguvu kiasi gani? Nani alipima?

Na Kyela si Masaki. Huko Masaki mtoto anakua akijua geti ni mpaka. Kwetu mji wa mtu ulikuwa wazi, chini ya migomba. Mtoto anatoka kwa bibi huyu anakwenda kula kwa yule, na hakuna wa kumuuliza. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kuhusu vijiji vyetu vya marika na ile raha ya kukaa pamoja tunayoiita ukwangala. Mtoto wa aina hiyo akiona uwazi, anapita. Hajui kwamba uwazi huo umewekewa sekunde.

Najua mtanijibu: wezi. Sawa, fungeni mageti. Sijasema mtu alale wazi. Ila kihisi hakimkaribishi mwizi. Kinamsubiri mtoto apite tu. Wengine mtasema: hali ngumu. Hali ngumu haikukuzuia kununua mota. Kama pesa haitoshi geti lenye macho, weka geti la kusukuma kwa mkono. Halina aibu, na umeme ukikatika utalicheka la jirani.

Kwa mnaojenga, msiondoke bila haya. Kwanza, macho, na usitegemee jozi moja peke yake, maana mtoto aliyechuchumaa anaweza kupita chini yake. Weka na mpira wenye kihisi kwenye ukingo. Pili, nguvu ya mota ipunguzwe hadi geti ligeuke likigusa kitu, na lijaribiwe kwa kipande cha ubao, si kwa mkono wa mtu. Tatu, vizuizi imara mwisho wa reli, maana geti likichomoka linaangukia watu hata kama halina mota. Nne, kila mtu nyumbani ajue ufunguo wa kulitoa kwenye mota uko wapi. Tano, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aunganishe nyaya. Na kwa sababu bonde letu ni la mafuriko ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, safisheni reli na fungueni boksi la mota mara kwa mara. Sisimizi na mijusi wanapenda sana kulala humo.

Kazi yote hiyo mpeni fundi wa pale pale Kyela. Anaweza. Ila mlipeni kazi nzima, msimlipe nusu halafu mkamdai roho ya mtoto.

Wiki ile ile tulichanga tena. Safari hii hakuna aliyebisha. Fundi alifunga macho mchana mmoja, hakusema hata neno la kutusuta. Taa za urembo bado zinawaka juu ya nguzo, na kila nikiziona naona lile neno langu "Sawa."

Nawasilisha.